Mwasho wa ngozi: pomadi inayotuliza kwa siku tatu inaweza kuficha ugonjwa kwa miezi

Katika nyumba nyingi za Bukavu, Goma, Uvira au Lubumbashi, mambo huanza namna moja. Mtoto anajikuna usiku kucha, kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, mpaka shuka inabaki na alama za damu. Asubuhi mama anapita famasia ya karibu, anaomba dawa ya mwasho, na anapewa tyubu ndogo bila ordonansi na bila kuulizwa swali hata moja. Baada ya siku mbili au tatu mtoto analala. Jirani anaazima tyubu hiyo kwa ajili ya madoa ya mume wake. Kisha, majuma machache baadaye, mwasho unarudi, na safari hii umeenea kuliko mwanzo.

Mara nyingi, ndani ya tyubu hiyo kuna kortikoidi. Ni dawa ya kweli, na kwa ugonjwa unaofaa hakuna nyingi zinazotuliza ngozi haraka kama hiyo. Lakini dawa hiyo hiyo, ikipakwa juu ya ugonjwa usiofaa, au ikiwa na nguvu kupita kiasi, au ikitumiwa kwa miezi, inaharibu ngozi na kuficha ugonjwa unaoendelea kukua chini yake. Ndiyo maana maswali manne yanapaswa kupata jibu kabla ya kufungua kifuniko: ni ugonjwa gani, dawa ina nguvu gani, inapakwa wapi, na kwa siku ngapi.

Kortikoidi ni nini?

Mwili wa kila mtu hutengeneza kortikoidi zake wenyewe, katika tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya mafigo. Homoni hizo huusaidia mwili kukabili magonjwa na mshtuko, na hupunguza uvimbe. Mwaka 1948, katika Mayo Clinic huko Marekani, Philip Hench na Edward Kendall walianza kutumia mojawapo, kortizoni, kwa wagonjwa wenye uvimbe mkali wa viungo. Matokeo yalishangaza wengi, na mwaka 1950 watu hao wawili, pamoja na Tadeus Reichstein, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Miaka miwili baadaye, mwaka 1952, madaktari Marion Sulzberger na Victor Witten walionyesha kwamba hidrokortizoni ikipakwa moja kwa moja juu ya ngozi inatuliza ekzema.

Tangu hapo dawa za jamii hiyo zimekuwa nguzo ya matibabu ya ngozi duniani kote. Hidrokortizoni na betametazoni za kupakaa ziko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS. Kwa hiyo mtu asidanganywe kwamba kila kortikoidi ni sumu.

Kazi yake ni moja: kutuliza kinga ya mwili pale inapochachamaa bila sababu. Katika ekzema, ambayo kwa Kiswahili huitwa pia ukurutu, ngozi inakuwa kavu na dhaifu, na kinga inaishambulia kana kwamba kuna adui. Ngozi inapata joto, inavimba, inawasha. Kortikoidi inaiambia kinga itulie. Lakini haiui wadudu, haiui kuvu, haiui bakteria, wala haiui virusi. Mbwa anapobweka bure usiku, kumnyamazisha kunaleta usingizi. Ila kama kweli kuna mwizi uani, kumnyamazisha mbwa ni kumsaidia mwizi. Hivyo ndivyo inavyokuwa pomadi hii inapopakwa juu ya ugonjwa wa kuambukiza.

Kwanza, ni nini kinachowasha?

Ekzema ya kawaida ina desturi zake. Kwa watoto wachanga huonekana mara nyingi kwenye mashavu, kichwani na mikononi. Kwa watoto wakubwa na watu wazima hukaa kwenye mikunjo: viwiko, nyuma ya magoti, shingoni, kwenye vifundo vya mikono. Inakwenda na kurudi kwa miaka, na mara nyingi kuna mtu wa familia mwenye asma au mwenye mafua ya mzio.

Vitabu vingi vya tiba vinaeleza ekzema kuwa ni ngozi nyekundu. Juu ya ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri. Kinachoonekana ni sehemu nyeusi zaidi, au ya kijivu, au yenye rangi ya zambarau, na mara nyingi vinundu vidogo vidogo vinavyofanana na ngozi ya mtu aliyepatwa na baridi. Ukipitisha kiganja unahisi ukavu na ukakamavu. Mzazi anayesubiri kuona wekundu anaweza kuchelewa kujua kwamba mtoto wake anaumwa.

Ugonjwa unaochanganywa sana na ekzema ni upele wa wadudu, ule ambao wengi hapa wanauita kwa Kifaransa gale. Mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho anachimba njia ndani ya ngozi, kati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni, matakoni, na kwa wanaume kwenye sehemu za siri. Mwasho unazidi sana usiku. Dalili kubwa ni kwamba haumshiki mtu mmoja tu: anajikuna mtoto, anajikuna dada yake, anajikuna mama. Tangu 2017, OMS imeuweka ugonjwa huu kati ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, na unaenea kwa urahisi pale watu wanapolala kwa msongamano, kama katika kambi za wakimbizi wa ndani, magereza na mabweni ya shule.

Kortikoidi ikipakwa juu ya gale, mwasho unapungua kwa muda lakini wadudu wanazidi kuzaana. Dawa yake ni nyingine kabisa: permetrini ya asilimia 5 au benzoati ya benzili, inayopakwa mwili mzima, na kwa watu wote wa nyumba siku moja, hata wale ambao hawajaanza kujikuna. Nguo na mashuka hufuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Hata baada ya tiba nzuri, mwasho unaweza kuendelea majuma mawili au matatu bila wadudu kuwa hai.

Wa pili ni kuvu, ambayo wengi wanaiita shampinyo. Inaanza kama duara lenye ukingo ulioinuka na wenye magamba, wakati katikati panaonekana kupona. Kortikoidi inafuta ukingo ule, duara linapoteza umbo, na kuvu inaendelea kutembea chini chini hadi kuchukua paja zima au mgongo mzima. Mwaka 1968 madaktari wawili wa Uingereza, Ive na Marks, waliupa ugonjwa uliofichwa hivyo jina la Kilatini, tinea incognito, maana yake kuvu iliyojificha. Hata muganga mwenye uzoefu anaweza kushindwa kuitambua ikishapakwa pomadi kwa majuma.

Kuna pia magonjwa ambayo ni ya sehemu zetu. Katika vijiji vilivyo karibu na mito inayokwenda kasi, mwasho wa mwili mzima unaodumu miezi na kuacha madoadoa kwenye miguu kama ngozi ya chui unaweza kuwa onkoserkozi, ugonjwa wa upofu wa mtoni unaoletwa na nzi weusi. Huo unatibiwa kwa ivermektini inayogawiwa vijijini kila mwaka. Doa lililofifia ambalo haliwashi, na ambalo ukiligusa mtu hahisi vizuri, linaweza kuwa ukoma, ugonjwa ambao bado upo Kongo na unaotibika kwa vidonge. Ukoma ukipakwa pomadi kwa mwaka mzima, mishipa ya fahamu inaharibika wakati mgonjwa anasubiri kupona.

Na kuna Mpox. Mwezi wa 9 mwaka 2023 mlipuko ulianza Kamituga, katika Kivu Kusini, na hapo ndipo watafiti walitambua aina ya virusi inayoitwa clade Ib. Tarehe 14 Agosti 2024 OMS ilitangaza Mpox kuwa hatari ya afya ya kimataifa, tangazo lililoondolewa Septemba 2025. Kuondolewa kwa tangazo hakumaanishi kwamba virusi vimetoweka. Vipele vyenye maji au usaha, vinavyokuja pamoja na homa, maumivu na tezi zilizovimba, havipakwi pomadi yoyote ya kortikoidi. Mtu anakwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Soma herufi ndogo

Kosa la pili ni nguvu. Jina kubwa lililoandikwa kwenye boksi ni jina la biashara, na halisemi mengi. La kutafuta ni jina la dawa yenyewe, lililoandikwa kwa herufi ndogo chini yake au pembeni. Kwenye famasia zetu majina matatu yanarudi mara nyingi: hydrocortisone, betamethasone na clobetasol.

Hidrokortizoni ya asilimia 1 ni dhaifu. Ndiyo ya kwanza kufikiriwa kwa uso na kwa watoto wadogo. Betametazoni valerati ya asilimia 0,1 ina nguvu kubwa. Klobetazoli ya asilimia 0,05 iko juu kabisa, katika kundi lenye nguvu kuliko yote.

Hapa watu wengi wanateleza. Wanaona 0,05 na 1, wanafikiri 0,05 ni ndogo, kwa hiyo ni salama kwa mtoto. Ni kinyume. Asilimia inaonyesha kiasi cha dawa ndani ya pomadi, haionyeshi ukali wake. Klobetazoli ya 0,05 inaishinda hidrokortizoni ya 1 mara nyingi sana. Kuchagua tyubu kwa kulinganisha namba hizo ni sawa na kulinganisha chupa ya bia na kikombe cha lotoko kwa kutazama ukubwa wa chombo.

Tyubu nyingine zina dawa tatu pamoja: kortikoidi yenye nguvu, dawa ya kuvu, na antibiotiki. Zinapendwa kwa sababu zinaonekana kutibu kila kitu. Muuzaji hana haja ya kujua ugonjwa, na mnunuzi hana haja ya kueleza. Lakini mchanganyiko huo huacha kuvu ikiwa imetibiwa nusu, unazoesha bakteria antibiotiki, na unampa mtoto kortikoidi kali ambayo huenda hakuihitaji hata kidogo. Hauwezi kuchukua nafasi ya mtu anayetazama ngozi na kuuliza maswali.

Namna ya kupakaa

Ugonjwa ukishajulikana kuwa ekzema, swali linakuwa kipimo. Mwaka 1991 watafiti Long na Finlay walieleza kipimo rahisi ambacho hakihitaji mizani. Kamua pomadi kuanzia ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi mkunjo wa kwanza wa kidole hicho. Mstari huo, ukitoka kwenye tyubu yenye mdomo wa kawaida, una karibu nusu gramu. Unatosha sehemu yenye ukubwa wa viganja viwili vya mtu mzima, pamoja na vidole vyake.

Hesabu inafuata. Tyubu ya gramu 15 ina mistari kama 30. Mtu mwenye ekzema inayolingana na viganja viwili, akipakaa mara moja kwa siku, atakaa nayo mwezi mzima, na kwa kawaida hatahitaji mwezi mzima. Anayemaliza tyubu kwa siku tatu anapakaa gramu 5 kila siku. Kama ni klobetazoli, kiwango ambacho mtu mzima haruhusiwi kuvuka ni gramu 50 kwa juma, tena kwa muda mfupi chini ya macho ya daktari.

Mara moja kwa siku inatosha watu wengi. Mara mbili ndiyo mwisho. Kupakaa mara tano hakuharakishi kupona. Pomadi inapakwa juu ya sehemu inayoumwa tu, kwa safu nyembamba, mpaka ngozi iwe laini tena na mwasho uishe. Mara nyingi hiyo ni kati ya siku chache na majuma mawili. Majuma mawili yakipita bila nafuu, jibu si tyubu kali zaidi. Jibu ni kurudi kwa muganga na kuuliza kama kweli ni ekzema.

Mahali pia panahesabika. Ngozi ya uso, ya kope, ya makwapa na ya sehemu za siri ni nyembamba na inanyonya dawa zaidi kuliko ya viganja au nyayo. Huko kortikoidi kali haina nafasi, isipokuwa daktari wa ngozi ameamua. Karibu na macho, matumizi ya muda mrefu yanaweza kuongeza presha ndani ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Chini ya nepi, au chini ya plastiki na bandeji iliyofungwa, dawa inaingia zaidi kwa sababu joto na unyevu vinaifungulia njia. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapaswi kupakwa betametazoni valerati wala klobetazoli bila ushauri wa mtaalamu: ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo dawa inayoingia mwilini ni nyingi kuliko kwa mtu mzima.

Jambo ambalo tyubu haisemi ni kwamba kortikoidi ni nusu tu ya matibabu. Nusu ya pili ni mafuta ya kulainisha ngozi, kila siku, hata siku ambazo hakuna mwasho. Vazelini isiyo na manukato inafanya kazi hiyo kwa bei ndogo. Inapakwa mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Siku za kupakaa kortikoidi, viwili hivyo vitenganishwe kwa karibu nusu saa. Sabuni kali, maji ya moto sana, kusugua kwa nguvu na nguo za sufi juu ya ngozi hurudisha ekzema haraka. Kucha za mtoto zikatwe fupi.

Doa si ugonjwa

Ekzema ikituliwa, ngozi nyeusi mara nyingi inabaki na alama: mahali peusi zaidi au pa rangi iliyofifia. Alama hizo huchukua miezi kuisha. Wazazi wengi wanaziona na kuamini kwamba ugonjwa bado upo, wanaendelea kupakaa. Lakini kama ngozi ni laini na haiwashi, kortikoidi imemaliza kazi yake. Kinachobaki ni rangi, na rangi inarudi yenyewe kwa kusubiri. Kuendelea kupakaa kunaweza kuongeza weupe pale pale.

Na weupe huo ndio sababu nyingine inayouza tyubu hizi. Kortikoidi kali inapunguza rangi ya ngozi, na kwa hiyo wengi wanaitumia si kwa ugonjwa bali kwa kung'arisha uso na mwili, peke yake au ikichanganywa ndani ya chupa za mafuta zinazouzwa sokoni bila maandishi ya kweli. Mtu mzima anayepakaa mwili mzima anatumia karibu gramu 20 kwa mara moja. Akifanya hivyo kila siku na klobetazoli, anavuka mpaka wa juma zima kabla siku ya tatu haijaisha.

Matokeo yanajulikana vizuri. Ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi. Mishipa ya damu inaonekana usoni. Mistari mipana inapasuka kwenye mapaja, tumboni na kwenye mikono, na mistari hiyo haifutiki. Chunusi zinajaa, nywele zinaota mahali zisipotakiwa, kuvu na gale vinaenea. Kidonda kidogo kinachelewa kupona, na baada ya operesheni mshono unaweza kushindwa kushika. Dawa ikiingia kwa wingi katika damu inapandisha sukari na tansio, uso unavimba kuwa wa mviringo, na tezi zile mbili juu ya mafigo, zikiona kortikoidi ni nyingi, zinaacha kutengeneza za kwao. Kwa mwanamke mwenye mimba, kiasi kikubwa cha kortikoidi kali kimehusishwa na kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo.

Hapo ndipo kuacha ghafla nako kunakuwa na hatari. Mtu aliyepakaa kortikoidi kali mwili mzima kwa miezi au miaka anaweza kupatwa na uchovu mkubwa, kutapika na kuishiwa nguvu, kwa sababu mwili umesahau kujitegemea. Ngozi yenyewe inaweza kuwaka moto na kuvimba kuliko zamani. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa onyo kwa madaktari na wagonjwa kuhusu hali hiyo ya ngozi baada ya kuacha pomadi. Mwenye historia kama hiyo asione haya kumweleza daktari ukweli: jina la alichopakaa, kwa muda gani, na mwili mzima au sehemu gani. Daktari atampunguzia polepole. Hali hii haimhusu mtoto aliyepakwa hidrokortizoni siku saba kwenye viwiko.

Woga nao una bei

Habari za watu walioharibika ngozi zinasafiri, na zinazaa woga. Kuna mzazi anayepewa pomadi inayofaa na daktari, anaipakaa siku mbili kwa kiasi cha punje ya mchele, kisha anaificha kabatini kwa sababu ameambiwa inaua ngozi. Mtoto anaendelea kujikuna. Ngozi iliyofunguliwa kwa kucha inaingiza bakteria, inatoa maji ya manjano na magamba, na usingizi unapotea kwa nyumba nzima. Mtoto asiyelala hasomi vizuri wala hachezi. Kortikoidi inayofaa, kwa kiasi kinachotosha, kwa siku zilizopangwa, ni salama kuliko ekzema iliyoachwa hivyo. Mgonjwa ambaye ekzema yake inarudi kila mara anaweza hata kupangiwa na daktari kupakaa siku mbili tu kwa juma pale inapozoea kurudi, ili kuizuia isianze.

Kuna dalili ambazo hazisubiri: homa pamoja na ngozi yenye usaha, malengelenge madogo yanayouma na kuenea kwa ghafla juu ya ekzema, vipele vya mviringo kwenye viganja na nyayo pamoja na homa, ngozi inayobanduka sehemu kubwa, au mtoto mwenye ekzema anayekataa kunyonya na kulegea. Hayo yote ni ya kituo cha afya au hospitali kuu, si ya famasia.

Maswali kwenye kaunta

Madaktari wa ngozi ni wachache sana nchini, na wengi wako katika miji mikubwa. Kwa wakaaji wa vijiji, na hata kwa wengi wa mijini, mtu wa kwanza kutazama ngozi ni muuguzi wa kituo cha afya au muuzaji wa famasia. Serikali ina mamlaka ya kusimamia dawa, ACOREP, lakini mkono wake hauwezi kufika kwenye kila meza ya soko kila asubuhi. Kwa hiyo mnunuzi na muuzaji wanabaki wao kwa wao, na mazungumzo ya dakika mbili yanaweza kubadilisha mengi.

Muuzaji anayejali huuliza: anayejikuna ni nani, ana umri gani? Mwasho umeanza lini, uko wapi? Kuna mwingine nyumbani anayejikuna? Kuna homa? Ameshapakaa nini? Asipouliza, mnunuzi aulize yeye: ndani kuna kortikoidi? Inaitwaje, ni dhaifu au kali? Ipakwe wapi, mara ngapi, na iachwe siku gani? Kama hakuna jibu, ni bora kurudisha tyubu kaunta na kupanda hadi kituo cha afya.

Nyumbani, siku ya kuacha iandikwe kwa kalamu kwenye boksi lenyewe, siku ile ile tyubu inapofunguliwa. Na tyubu ya mtoto isiazimwe. Mwasho wa jirani unaweza kufanana na wake kwa macho, lakini jirani anayejikuna usiku pamoja na mke na watoto wake wote ana ugonjwa mwingine, na dawa yake iko kwenye chupa nyingine.